Kwamkwe

Makarius alikuwa amefika kwenye kona ya kijito cha ramanini pale karatasi ilipoanza kulowa. Aliinua kigurudumu chake cha meno, kile ambacho kwa miaka mingi alihamishia pateni za kola na mikono ya mashati, akakifuta kwa kitambaa. Kisha akatega sahani ya bati chini ya ukingo wa meza ili maji ya kijito yasidondokee cherehani. Yalikuwa maji safi, ya baridi. Sahani ilipojaa alikwenda kuyamwagia mche wa mpapai nje ya mlango, akarudi kuendelea na kazi.

Ramani ilikuwa ya mwaka 1957, enzi za Waingereza, imechorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Parokia moja ya vijijini ilipokuwa ikisafisha stoo yake iliiweka kwenye lundo la kuchomwa moto. Makarius alikuwa amepeleka kanzu za watumishi wa altare siku hiyo, aliiomba, akapewa. Sehemu aliyokuwa akiinakili haikuzidi upana wa kiganja. Ilikuwa kusini, njia ya kuelekea Mpitimbi, penye kijito, njia ya miguu iliyochorwa kwa vistari, na nukta nyeusi ambazo kila moja ilikuwa nyumba. Alikuwa na ramani mpya pia, aliyochapiwa steshenari mjini. Kwenye hiyo, mahali hapo palikuwa peupe.

Nukta za ramani ya zamani zilitoa moshi kila asubuhi. Haukuwa moshi wa kumsumbua mtu, ila ulimfanya apige chafya, na majivu yake aliyakusanya kwa brashi ya kufutia chaki.

Kando ya nukta hizo paliandikwa jina kwa herufi ndogo za kulala: Kwamkwe.

Hapakuwahi kuwa na kijiji cha jina hilo. Kijiji kiliitwa Kwa Ponera, kwa jina la babu yake Makarius, ambaye ndiye aliyefyeka pori la pale na kulima wa kwanza. Watu walikaa hapo hadi mwaka 1974 walipohamishiwa barabarani, kwenye kijiji kipya. Pakabaki mahame: migomba iliyogeuka mwitu, mawe ya kusagia na makaburi. Ukoo uliendelea kuwarudisha marehemu wake kule hata baada ya kuhama. Babu alilala pale, baba pia, na mama yake, Ursula, aliyezikwa mwaka 1991 baada ya wanaume kubadilishana kubeba jeneza kutoka barabarani.

Sasa eneo lote lilikuwa limepewa kampuni ya kupanda miti, kwa kuwa kwenye makaratasi lilikuwa pori lisilo na historia. Matrekta yangeingia Jumatatu. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba makaburi ya kijiji chochote cha zamani yangezungushiwa uzio na kuachwa, mradi jina la kijiji analolitaja mlalamikaji lionekane kwenye ramani ya wakati huo. Makarius alipeleka dai la Kwa Ponera. Ramani ilisema Kwamkwe.

Alijua kosa hilo lilitoka wapi, kwa sababu mtu aliyelifanya alikuwa akimtembelea.

Alianza kuja siku ile kigurudumu kilipomaliza njia ya miguu kutoka kijitoni hadi nyumba ya mwisho. Alifika alasiri, mtungi kichwani na mtoto mgongoni, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa msichana hasa, hajavuka miaka ishirini na kitu. Alitua mtungi kando ya cherehani, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Makarius, kwa kuwa salamu hiyo haina jibu jingine.

Alimtambua kwa kovu dogo juu ya nyusi na kwa namna alivyokunja kanga. Alifikiri kumwambia. Lakini Ursula alikuwa mtu mwenye haraka, mkwe wake hajala, na habari yenyewe ilikuwa ndefu. Siku ya pili alifikiri tena. Siku ya tatu ilikuwa imekwisha kuwa mazoea kwamba yeye ni mzee fulani fundi nguo, na Ursula ni mke wa watu anayepumzika kidogo kabla ya kumalizia njia.

Muhsini, mwenye duka la pili kutoka hapo, alikuja kuchukua suruali yake, akamkuta Ursula uani akisuuza mtungi. Mtoto alikuwa ameketishwa kwenye mkeka.

"Nani yule?" aliuliza.

"Mama yangu."

"Mbona mdogo kuliko binti yangu wa mwisho?" Muhsini aliichunguza suruali mshono kwa mshono, kama kawaida yake. "Na huyu wa kwenye mkeka?"

"Huyo ni mimi."

Muhsini akamtazama mtoto, mnene, anayecheka na kila kitu. Akamtazama Makarius.

"Ulianza vizuri, fundi," alisema, akampa mtoto biskuti, akaondoka na suruali yake.

Habari ya jina Ursula aliisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, huku akinyonyesha.

"Juzi kapita Mzungu na karani wake. Wamenikuta njiani, nimejitwika maji. Karani kaniuliza, 'Hapa ni kwa nani?' Nikamwambia kwa mkwe. Kaandika, wakaenda."

"Hukumtajia jina?"

Ursula akaacha kumpapasa mtoto. "Jina la mkwe wangu? Mzee na wewe! Unataka nivue nguo barabarani?"

Mila hiyo Makarius aliijua kuliko ramani. Mke hakulitaja jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo, kama pona kwa Ponera. Alipokuwa mdogo na homa inampandisha, mama za wenzake waliwaambia watoto wao, "Pole, utapona." Mama yake alimwambia, "Pole, utaamka." Kanisani, katika sala ya kabla ya komunyo, waumini wote walipofika kwenye itapona, Ursula alifumba mdomo, akawangoja wavuke, kisha akaendelea nao. Paroko mmoja mgeni alidhani hajui sala, akamrudisha kwenye mafundisho ya wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, pamoja na watoto. Alihudhuria yote.

Na kwa kuwa Makarius alirithi jina la babu, jina hilo mama hakumwita hata siku moja. Alimwita Baba. Walioweza kumwita Ponera walikuwa ndugu zake, wajomba, na vijana aliochunga nao mbuzi. Wamekwisha, mmoja baada ya mwingine. Mkewe naye alitangulia. Watoto walikuwa Dodoma na Mwanza, wanapiga simu Jumapili wakimaliza misa. Pale Lizaboni, mtaa wa Songea alikoshonea, kila mtu alimwita Fundi. Ilifika mahali mtu akipita barabarani na kumwita kwa jina la nyumbani, asingegeuka haraka.

Afisa wa malalamiko wa kampuni aliitwa Dorine, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliyehamia kutoka Kagera na bado hajazoea baridi ya Songea. Alikuwa na ramani ileile ndani ya kompyuta yake. Aliikuza hadi herufi zikawa kubwa kama vidole.

"Nakuelewa, mzee wangu," alisema. "Ila juu huko wanalinganisha jina kwa jina. Hapa Kwamkwe, hapa Kwa Ponera."

"Ni palepale. Mimi naweza kubadilisha dai langu niandike Kwamkwe."

"Watauliza huyo mzee Mkwe ni nani wako."

"Hakuna mzee Mkwe."

"Sasa umeona." Dorine alivuta sweta yake. "Labda awepo shahidi. Mtu aliyekuwepo jina linaandikwa, aje atamke mwenyewe jina sahihi. Nitaliingiza, na nadhani watalikubali. Lakini hao si watakuwa wamekwisha fariki?"

"Amefariki, ndiyo. Lakini anakuja karibu kila siku."

"Basi mlete Ijumaa," Dorine alisema, akaandika Ijumaa.

Taabu ilikuwa ramani. Ikikunjwa, Ursula alikatika kama redio. Makarius alifikiri siku nzima, kisha akachukua koti lake la Jumapili, akaitandaza ramani mgongoni mwa koti na kuibana kwa pini pande zote, kwa ustadi uleule anaobania bitana. Ijumaa alilivaa, akatoka.

Alikwenda kwa miguu. Ursula alimfuata nyuma, kama alivyozoea kumfuata mtu mzima. Kwa hiyo Makarius hakumwona mama yake njia nzima. Alisikia tu nyayo zake pekupeku, na mtoto akilalamikia jua. Pikipiki zikipita karibu, nyayo zilihamia majanini, halafu zikarudi. Madereva wa bodaboda waliokuwa kijiweni walimsalimia fundi, wakamsalimia na mama. Mmoja alimtahadharisha Makarius kwamba moshi unamtoka mgongoni.

"Ni wa kawaida," alisema Makarius.

Walipofika karibu na soko, Ursula alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, hapa ni kwa nani?"

"Hapa ni Songea mjini."

"Hapana. Mjini nilishakuja na mume wangu. Watu wengi hivi, na hakuna anayekujua."

Makarius hakugeuka. "Wananijua," alisema. "Nawashonea."

Ofisini, Dorine alimkaribisha Ursula kiti. Ursula akakaa sakafuni, miguu ameikunja upande, mtoto mapajani. Dorine aliuliza kama shahidi ana namba ya NIDA. Makarius akasema alifariki kabla ya vitambulisho.

"Nitaandika hana." Akainama kidogo mezani. "Mama, pole na safari. Nakuuliza jambo moja tu. Pale unapoishi, panaitwaje?"

Ursula akavuta kanga, akafunika nusu ya uso. Makarius alisimama ukutani, bila kuuegemea ili asikunje ramani. Alikuwa amemwomba alitaje jina usiku uliotangulia, mbele ya mshumaa wa Bikira Maria, ingawa Ursula hakuwepo kusikia.

"Kwa mkwe," alisema Ursula.

"Jina lake, mama."

"Kwa mkwe wangu."

"Mwanangu," Makarius alisema taratibu, "hapa si nyumbani. Yeye yuko mbali. Hasikii."

"Mtoto anasikia," Ursula alisema. "Jina ni lake pia."

Dorine alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Alizima hata simu yake. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya meza na kujaribu kusimama. Alimtazama mama yake, akamtazama Makarius, akamtazama tena mama yake, na kijito kikasikika ndani ya koti. Ursula alifungua mdomo. Midomo ikakutana kama ya mtu anayeanza herufi ya kwanza. Kisha akafanya kama alivyokuwa akifanya kanisani: alifumba, akangoja watu wavuke.

Dorine aliandika. Alisoma kwa sauti alichoandika, kama sheria inavyotaka: "Shahidi aliyekuwepo amethibitisha kwamba mahali hapo panaitwa Kwamkwe."

"Samahani, mzee wangu," aliongeza.

"Umeandika alichosema," alijibu Makarius.

Jumatatu matrekta yaliingia. Makarius hakwenda. Alilijua hilo mezani: alipoilaza karatasi ya kunakilia juu ya ramani mpya, pale peupe, udongo mwekundu ulianza kupanda juu kwa mistari iliyonyooka, mmoja kando ya mwingine, ukijaa hadi kwenye ukingo wa meza na kudondokea sakafuni. Alifagia. Ulikuja mwingine. Baadaye aliacha ufagio ukiwa umeegemea ukuta, akachukua penseli, akaendelea na kazi. Nyumba zote zilikuwa zimekwisha kunakiliwa, na kijito, na njia. Makaburi ramani ya zamani haikuyaonyesha. Aliyatia yeye, kwa misalaba midogo, pale alipokumbuka. Wa mama yake ulikuwa wa mwisho, karibu na migomba.

Ursula alifika alasiri kama kawaida yake, kwa maana kwake mwaka ulikuwa 1957 na njia ilikuwa nzima. Alitua mtungi. Alipiga goti. Aliona meza.

"Mzee, unalima ndani?"

"Kuna watu wanalima."

Alichota udongo kidogo, akaufikicha kwa vidole, akaunusa.

"Udongo mzuri," alisema. "Wa nyumbani kabisa." Akampa mtoto aushike. Mtoto akautia mdomoni, naye akautoa kwa kidole, akimcheka.

Vumbi lilimkamata Makarius kifuani. Alikohoa hadi akashika meza. Ursula alimchotea maji kutoka mtungini kwa kikombe cha plastiki, akasimama kando yake mpaka alipomaliza kunywa. Mkono wake ulikuwa mdogo na wenye sugu, na aliuweka mgongoni mwa Makarius, pale pale ramani ilipokuwa imebanwa Ijumaa.

"Pole, mzee. Utaamka."

"Nitaamka," alisema Makarius.

Ursula alikaa muda mfupi kuliko siku zingine. Alimtazama akichonga penseli. Kwenye karatasi ya kunakilia kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: nafasi tupu kando ya nukta, ambako jina lilitakiwa kwenda. Makarius alishusha ncha ya penseli hadi ikakaribia karatasi. Ursula hakujua kusoma, lakini alikuwa pale, na mtoto alikuwa pale.

Makarius aliilaza penseli. Alisema mwanga umeanza kupungua, ingawa jua lilikuwa bado liko juu ya paa la Muhsini. Ursula akamfunga mtoto mgongoni, akajitwika mtungi. Mkwe hajala, alisema.

Makarius aliifunika meza kwa kipande cha shuka, pamoja na udongo wake, akaweka mkasi juu ili upepo usiifunue. Jina angeliandika kesho asubuhi, kabla Ursula hajafika.