Mkasi wa Jumamosi

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. "Barua ya Jumapili inasimama kuanzia wiki hii. Naandika kitabu. Sijui kitakwisha lini, kwa hiyo msiniulize." Nikawatumia wasomaji wangu wote kwa barua pepe, nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kuanika nguo.

Wasomaji walinielewa. Mmoja aliniandikia kwamba atazikumbuka Jumapili zetu, lakini mshika mawili moja humponyoka, basi nishike hilo moja. Waliowaka ni watu wa kwetu. Wala si ajabu, maana barua ile ilikuwa inawahusu wao. Kwa miaka sita nilisimulia vituko vya ukoo wetu: baba mdogo aliyenunua vifaranga vya kuku wa mayai wakakua majogoo watupu, kaka aliyekwenda kuposa akasinzia kwenye kochi la wakwe. Watu wasiotujua walicheka, na sisi tukajiona maarufu.

Ila kulikuwa na utaratibu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikutana sebuleni kwa Mama, nikaisoma barua kwa sauti kabla haijatumwa. Aliyeguswa alikuwa na haki ya kusema "hapo toa", na hapo panatoka bila mjadala. Sheria hiyo ilitungwa na Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, na yeye ndiye aliyeitumia kuliko wote, mpaka tukambandika jina la Mkasi. Mimi waliniita Katibu. Nilidhani ni utani.

Jumamosi baada ya tangazo niliitwa. Nikawakuta wamejaa, hata kaka ambaye huwa hapatikani. Mama alikuwa pembeni dirishani anapinda pazia la mteja, kama kawaida yake.

"Katibu," alianza baba mdogo, akinivisha kilemba cha ukoka, "wewe na kipaji chako hicho, barua moja inakushinda nini? Asubuhi moja tu! Siku zilizobaki andika kitabu chako."

"Baba mdogo, barua inakula wiki nzima. Nikipata jambo zuri tu nalikata kipande, nalitoa Jumapili. Jora ukishalikata vitambaa vya kufutia meza, utapata wapi tena pazia?"

Kaka akacheka. Shangazi hakucheka. Alikaa wima, mkoba mapajani, akingoja kelele zitulie.

"Mwacheni mtoto aandike," alisema. "Kitabu ni heshima. Tutakisoma hapa hapa, sura moja moja, kila Jumamosi. Yamekwisha."

Wote wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Nikaona ninakopelekwa, na damu ikanichemka. Kumbe barua hawakuijali hata kidogo. Walichokuwa wanakililia ni mkasi.

"Hapana," nikasema.

"Unasemaje?"

"Kitabu hakina Jumamosi, Shangazi. Mtakisoma kikishatoka, kama watu wengine."

Baba mdogo akaguna kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Shangazi akaegemea mbele. "Kinahusu nini hicho kitabu cha siri?"

"Duka."

"Duka la mdogo wangu."

"Duka la Mama."

Hayo niliwahi kuyaandika mara nyingi, kwa maneno mbalimbali: kwamba duka letu la mapazia lilianza na cherehani moja ya Mama barazani, baba akiwa bado mlinzi wa ghala, na kwamba yeye aliingia dukani wakati mafundi wamekwishaajiriwa. Kila nilipofika hapo, Shangazi alisema "hapo toa". Nami nikatoa, kwa kuwa Mama aliinamia pindo lake na kunyamaza, nikasema moyoni kwamba mwenyewe ameridhia. Nikaliandika duka la baba, kama kibao cha mlangoni kinavyosema.

"Unamvua nguo marehemu mbele za watu," Shangazi alisema. Sauti ilimtetemeka, na sikuona unafiki ndani yake. Yule alikuwa mdogo wake, amembeba mgongoni. "Hapo utatoa, nataka usitake."

"Sitoi. Sheria ni yako, Shangazi. Anayesema ni aliyeguswa, na aliyeguswa hapa si wewe."

Akageuka dirishani kwa hasira. "Wifi! Umemsikia mwanao? Hebu mwambie!"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza Mama. Hata mimi. Alikata uzi kwa meno, akachomeka sindano kwenye kifua cha gauni lake, akatutazama mmoja mmoja.

"Hapo acha," alisema.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika kwenye kikao chetu.

"Na kibao nacho ukiandike," akaendelea, ananitazama mimi sasa. "Nilikipaka rangi mwenyewe. Jina la baba yako nililichora kwa mkono wangu huu, maana nilizunguka mji mzima na hakuna aliyekubali kumpangishia mwanamke fremu ya duka. Nikalitundika jina la mume wangu, nikapata. Yeye mwenyewe alilikuta mlangoni, akacheka, akasema haya, nimekuwa tajiri bila jasho. Hakuwahi kudai ni duka lake. Ninyi ndio mliodai."

Hayo sikuyajua. Miaka sita nimejaza barua kwa majogoo, na hili lilikuwa limekaa dirishani linapinda mapazia.

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Kaka akasogeza kiti chake karibu na dirisha.

"Hapo toa," Shangazi alisema, lakini kwa sauti ndogo sana.

Mama akavuta pazia mapajani, akatafuta pindo lilipoishia, akaendelea kusimulia.