Blanketi la Mzee Andendekisye

Asubuhi moja ya Julai mwaka hamsini na sita, Tusajigwe alisafiri kutoka Mbalizi hadi Mbeya amelala chini ya turubai la lori, katikati ya magunia ya viazi, na watoto watatu wamemkalia mgongoni. Hakuwa mwizi, wala hakuwa ametoroka nyumbani. Alikuwa anamkwepa mkwewe.

Wenyeji wanaelewa, wengine inabidi waelezwe. Siku zile mwanamke wa Kinyakyusa hakutazamana na baba wa mumewe. Hakukanyaga nyumbani kwake, hakutaja jina lake, hakusema naye hata neno moja. Mzee akitokea njiani, mwanamke hujitosa kichakani. Mchungaji alikwisha kuhubiri mara tatu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Waumini wakaitikia amina, wakatoka nje, wakaendelea kukwepana. Mzee Andendekisye, mzee wa kanisa, alikuwa muungwana katika jambo hili. Kila alipokaribia kona alikohoa kwa nguvu, ili mkaza mwanawe apate nafasi ya kukimbia. Kwa miaka saba ya ndoa, Tusajigwe alimjua mkwewe kwa kikohozi tu.

Taabu yote aliileta Misi Inga. Binti huyu alitoka kwao Denmark, akaja kujitolea miaka miwili katika kituo cha watoto yatima ambako Tusajigwe alikuwa mpishi. Jambo la kwamba kazi ile aliifanya bila mshahara, Mbalizi nzima ililijadili na ikashindwa kulielewa. Aliwafundisha watoto kuimba, kupiga mswaki na kusimama kwa mikono, miguu juu. Tusajigwe naye alimfundisha kusonga ugali. Walipendana sana wale wawili, walicheka jikoni mpaka uji ukaungua.

Kisha, zikiwa zimebaki siku nne aondoke, Inga aliwaambia watoto, "Msilie, Krismasi nitarudi."

Tusajigwe akapandwa na hasira. "Unawadanganya watoto wa watu! Wewe umekuja kucheza nao tu. Ukishapanda meli, sisi ndio tunaobaki kuwafuta makamasi!"

Inga akawa mwekundu, akatoka jikoni. Jioni ile ile Mzee Andendekisye, ambaye alimpenda binti huyu na kumwita mwanangu, akaja kumchukua akalale kwake siku zilizobaki, ndiyo iwe heshima ya kumuaga. Kwake! Mahali pekee duniani ambapo Tusajigwe hakuweza kumfuata. Siku tatu maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijua yana ukweli, lakini hakutaka yawe ndiyo kwaheri yake.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mgeni na mzee wangekwenda Mbeya kwa gari la mchungaji. Yeye na watoto wangepanda lori la Muhidini, mfanyabiashara wa mjini aliyekuja kununua viazi, kisha angemvizia Inga stendi kabla basi la Iringa halijaondoka. Lakini gari la mchungaji liligoma kwa baridi. Walilisukuma, wakalibembeleza, wakaliombea. Halikukohoa. Aliyekohoa ni Mzee Andendekisye, hatua kumi kutoka kwenye lori, anakuja kuomba nafasi ya mbele kwa ajili yake na mgeni.

Tusajigwe akapiga mbizi chini ya turubai. Njia nzima vumbi la magunia lilimwingia puani, akapiga chafya mara mbili, na mara zote mbili watoto waliimba kwa nguvu zaidi.

Walipofika Mbeya, basi lilikuwa linaunguruma. Tusajigwe akateremka kwa nyuma, akajibanza kwenye gurudumu, kichwa kimejaa udongo. Hapo ndipo Muhidini alipomkuta.

"Dada, umeiba nini?"

"Sijaiba. Yule mzee ni baba wa mume wangu."

"Mkweo! Na hujamwamkia?" Babu yake Muhidini alitoka Bagamoyo. "Kwetu mkwe anapewa shikamoo, anaandaliwa chai na mandazi."

"Kwetu tunamkimbia."

"Kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Ndiyo heshima yenyewe."

Muhidini akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Akasogea pembeni apate kuona vizuri.

Mzee alikuwa na hotuba ya kumuaga Inga pale mlangoni mwa basi. Aliitayarisha wiki mbili, na alianzia kwenye kuumbwa kwa dunia. Honi ya kwanza ilipopigwa alikuwa bado hajamfikia Nuhu. Tusajigwe alijaribu kupenya kwa kushoto, mzee akageukia kushoto. Akajaribu kulia, mzee akanyoosha mkono kulia kuonyesha safina ilipojengwa. Akamtuma Ikupa, msichana wa miaka sita: "Kamwambie Misi naomba msamaha." Ikupa alikwenda mbio, akamkumbatia Inga kiunoni, akaangua kilio, na ujumbe ukaishia hapo.

Honi ya pili ikalia. Inga akamkatiza mzee katikati ya gharika.

"Baba, Tusajigwe hakuja? Siwezi kuondoka hivi."

 Ukweli ni kwamba mzee alijua tangu njiani kuwa Tusajigwe yumo lorini, maana viazi havipigi chafya. Akatupa jicho kwenye lori, akaona chini yake miguu miwili, akayainua macho haraka mpaka mawinguni. Kisha akamtazama Inga, kwa muda mrefu, tangu nywele hadi viatu. Hotuba ilikuwa na nusu nzima haijasemwa.

Akakohoa mara tatu. Akalivuta blanketi alilojitanda mabegani, akajifunika kichwa, kofia na yote, akageuka, akasimama kuuelekea ukuta wa duka.

Stendi nzima ikavunjika mbavu. "Mzee mzima," akasema Muhidini, "kajifunika kama bi harusi!"

Tusajigwe hakungoja. Alichomoka mbio akamshika Inga mikono yote miwili.

"Yale maneno yangu..."

"Yalikuwa ya kweli," Inga akasema.

"Ya kweli ndiyo, lakini niliyasema kwa ubaya. Niliona uchungu kwamba unaondoka. Nisamehe."

Inga akamkumbatia, akachafuka udongo wa viazi gauni zima. Kisha akawageukia watoto. "Krismasi sitarudi. Sijui kama nitarudi. Ila barua nitaandika, na nitawataja wote kwa majina." Watoto wakalia kwa pamoja. Danieli, ambaye alikuwa amesimama kwa mikono ili kumpa Misi heshima ya mwisho, machozi yakamtiririkia kwenye paji la uso.

Basi likaondoka. Inga alitoa mkono dirishani, akawapungia watoto, akampungia Tusajigwe, kisha akalipungia lile blanketi lililoelekea ukutani, na hapo ndipo alipopunga zaidi, mpaka basi likapinda kona.

"Limekwenda?" sauti ikauliza kutoka ndani ya blanketi.

 Watoto walikuwa wanalia, na Tusajigwe hakuwa amewahi kumjibu mkwewe tangu aolewe. Akamvuta Ikupa karibu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani:

"Ikupa, mwambie babu, Misi amempungia mkono yeye kuliko sisi wote."

Kabla Ikupa hajafungua mdomo, blanketi likatikisika. Mkono ukatoka, ukapunga, ukiupungia ukuta.

"Mwambie mama," mzee akasema, "nimeuona."

Tusajigwe akajifuta macho kwa kitenge. Akawakusanya watoto, akawapeleka nyuma ya lori. Na ili mzee ajue kwamba njia ni nyeupe, sasa anaweza kujifunua, akakohoa mara tatu.