Kilio Alichokirekodi Raheli

Raheli alianza kurekodi vikapu kwa sababu ya mama mkwe wake. Bibi Emiliana alikuwa akisuka tangu usichana, na pale Kiomboi hakuna aliyempita kwa vikapu vya mistari myembamba, vile ambavyo hata ukivigeuza huoni uzi umeanzia wapi. Raheli alipoolewa na Fredrick alikaa na mama mkwe kwenye mkeka, uani, mpaka naye akawa fundi. Siku moja akaegesha simu kwenye ndoo, akarekodi mikono ya yule mama ikizungusha kitako cha kikapu, akairusha mtandaoni. Kufika Jumapili watu elfu nne walikuwa wameitazama.

"Wote hao wanatazama mikono yangu?" Bibi Emiliana aliuliza.

"Wote, mama."

"Hawana kazi?"

Wakacheka wote watatu, yeye, Raheli na Felista, mtoto pekee wa nyumba ile, aliyekuwa na miaka kumi.

Mwanzoni simu ilisaidia kazi. Wateja walipiga kutoka Dodoma na Arusha, na Fredrick, aliyekuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, alimsifia mke wake kwa wenzake. Baadaye mambo yakageuka kidogo kidogo, bila mtu kuweza kutaja siku. Raheli akawa anafumua kikapu kilichokwisha ili akisuke tena mbele ya simu, eti mwanga wa asubuhi ni mzuri zaidi. Chakula kikawa kinapoa kikisubiri kupigwa picha. Felista akija na daftari la hesabu anaambiwa, "Ngoja kwanza niwajibu hawa." Alikuwa anangoja, halafu anaondoka. Mara nyingi alikwenda kukaa na bibi yake.

Bibi Emiliana alifariki mwezi wa tatu, baada ya kuugua siku tano tu. Aliacha kikapu kimoja hakijaisha, kitako na nusu ya ubavu, chenye mistari ya zambarau. Matanga yalipokwisha Felista alikichukua, akaomba akimalize yeye.

"Utakiweza?" Raheli alimuuliza.

"Bibi alinionyesha."

Na kweli alikuwa amemwonyesha. Kusuka Felista alifundishwa na bibi, si na mama yake. Kila akitoka shule alivua sare, akakaa mahali pale pale bibi alipokuwa anakaa, akasuka mpaka wakati wa kuchota maji. Ilimchukua wiki sita.

Jumamosi moja mchana alifika kwenye ukingo. Akakiweka kikapu chini akitazame, akaona kimeinama upande mmoja. Akakisukuma kwa kiganja. Kikanyooka, akakiachia, kikainama tena. Kukinyoosha kulitaka kufumua, na akifumua mpaka lilipo kosa angezifikia nyuzi alizozisuka bibi yake mwenyewe. Aligundua hilo akiwa ameshika uzi mkononi. Akaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kile kilio cha mtoto anayekosa pumzi.

"Kimepinda! Bibi, kimepinda!"

Raheli alikuwa kwenye kiti, hatua tatu kutoka pale. Wiki nzima alikuwa hana kitu kipya cha kurusha. Akainua simu.

Alirusha sekunde thelathini tu. Juu yake aliandika, "Leo kazi imemshinda fundi wetu mdogo," akaweka na vikatuni vya kucheka. Kesho yake mtu asiyemjua aliichukua ile video, akaitia muziki, akafanya neno "kimepinda" lijirudie kama kiitikio. Ikaenda mbali. Wafuasi wakaongezeka kwa wiki moja zaidi ya mwaka mzima uliopita, na Raheli akawaita majirani waje waone.

Fredrick aliitazama mara moja akairudisha simu.

"Huyu mtoto anamlilia mama yangu," alisema.

"Analilia kikapu, baba Felista. Watu wamempenda, soma wanavyoandika."

Hakusoma. Alitoka nje.

Shuleni watoto walikuwa wameiona kwenye simu za wazazi wao. Felista akapewa jina, Kimepinda. Alipoitwa mstarini kusoma tangazo, mmoja wa nyuma akakiiga kile kilio, na mstari mzima ukacheka. Nyumbani hakusema kitu. Aliamka, akavaa sare, akaaga, akaondoka. Siku ya nne mwalimu wa darasa alipiga simu kuuliza kama mtoto anaumwa.

Fredrick alimkuta shambani, katikati ya alizeti iliyokauka, karibu na kaburi la bibi yake. Daftari zilikuwa mapajani. Alikuwa ameandika kazi za siku zote nne, kwa kukisia walichofundishwa wenzake.

Raheli aliifuta video jioni ile ile. Yake ilifutika. Za wengine hazikuwa mikononi mwake. Aliwaandikia mmoja mmoja akiwaomba. Wachache waliondoa, wengi hawakujibu, na mmoja alimjibu kwa vikatuni vile vile vya kucheka alivyokuwa ametumia yeye.

"Ulimuuliza?" Fredrick alisema. Hakupandisha sauti. "Kabla ya kuwapa watu, ulimuuliza mwenyewe?"

Raheli aliigeuza simu, kioo kikatazama chini.

Felista alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kwenda kwa shangazi Yasinta, dada wa Fredrick, anayekaa Ihanja. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Mwezi wa saba akahamishwa shule. Asubuhi ya kuondoka Raheli alimfungashia nguo, akamwekea na kile kikapu juu ya begi. Felista na baba yake walipokwisha kuondoka alikikuta kimerudishwa juu ya kitanda.

Siku hiyo ndipo Raheli alipoitafuta video nzima. Alikuwa ameihifadhi kwenye simu, dakika mbili na ushee, na tangu akate kile kipande hakuwahi kuirudia. Akakaa kwenye kitanda cha mtoto akaitazama mpaka mwisho.

Sehemu ambayo hakuirusha ilikuwa na maneno. "Mama, njoo," Felista alikuwa anasema, akiwa ameuinua uso kuelekea simu. "Mama. Mama, nisaidie." Mara tatu alimwita. Na karibu zaidi, kwa sababu mdomo wake ulikuwa jirani na simu, Raheli alisikia kicheko chake mwenyewe cha chinichini, kisha sauti yake ikinong'ona, "Geuka huku kidogo, mwanangu, nikuone vizuri."

Hakukumbuka kusema hivyo. Alirudisha nyuma akasikiliza tena, akitumaini amesikia vibaya.

Wiki mbili baadaye alipanda basi la Singida, akabadilisha gari, akafika Ihanja saa sita. Yasinta alimpokea vizuri.

"Karibu wifi. Yupo nyuma, anamenya karanga."

Felista alisimama alipomwona. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Raheli akavuta kigoda, akachota karanga, wakamenya pamoja. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalionekana kama yale anayowaandikia watu asiowajua.

"Nimeiangalia yote," alisema mwishowe. "Nimesikia ukiniita."

Felista aliendelea kumenya.

"Nilikosea. Ningeweka simu chini. Nisamehe, Felista."

"Nilidhani huoni," Felista alisema. "Nilidhani unaandika ujumbe, ndiyo maana huji. Halafu shuleni wakanionyesha, nikajua ulikuwa unaniona."

Raheli akachukua karanga nyingine. Ganda la karanga lilimchoma chini ya ukucha, naye akaliacha hapo hapo.

"Baba anasema umefunga ule ukurasa."

"Nimeufunga."

"Ungeuacha tu, mama. Watu walikuwa wananunua." Alipepeta maganda kwa pumzi yake, taratibu. "Mimi sirudi hata hivyo. Huku hawanijui."

"Na kikapu? Nikikinyoosha, nikakuletea?"

"Hapana. Usikiguse." Kisha, kwa sauti ya chini, "Tafadhali."

Raheli alikaa mpaka saa tisa. Felista alimsindikiza barabarani, akambebea mfuko, akasimama naye mpaka gari likaja. Alimuaga kwa heshima kama anavyoagwa mgeni.

Tangu hapo Raheli huenda Ihanja kila mwezi. Bado anasuka, vikapu vyake anavipeleka kwenye duka moja mjini Singida, na wanawake wanaomkumbuka humuuliza kwa nini ametoweka mtandaoni. Huwajibu kwamba ana kazi nyingi. Felista sasa yuko darasa la saba na amerefuka. Humwandalia mama yake chai, hujibu anachoulizwa, na siku moja alimsimulia mwenyewe, bila kuulizwa, habari ya mwalimu wao wa sayansi, mpaka Raheli akaogopa hata kupiga chafya asije akamkatiza. Kusuka hajasuka tena.

Mwezi uliopita Yasinta alipiga simu kwa jambo jingine, la mbegu, na katikati ya mazungumzo akasema mtoto amevunja ungo, wiki tatu zilizopita.

"Alikwambia wewe?" Raheli aliuliza.

"Alikuja kuniamsha alfajiri."

Raheli alimshukuru wifi yake. Akauliza kama kila kitu kinachohitajika kipo, akaambiwa kipo. Akauliza kama Felista aliogopa.

"Kidogo," Yasinta alisema. "Nilikaa naye."