Gati la Bwana Kesho

Tuliondoka jua limeshapanda. Boti yetu haijui haraka: ni nyumba iliyofungwa injini, chumba kimoja na jiko, na mimi nyuma nimeshika usukani. Binti yangu alikaa mbele, miguu iliyovimba ameinyoosha juu ya gunia la mkaa. Tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele yake. Mumewe yuko machimboni, anarudi akipenda.

Wakubwa walikuwa wametuhamishia kwenye gati jipya, chini zaidi ya mto. Kule tulikozoea ni tope tupu, gari halifiki. Miaka na miaka tuliomba gati lenye ngazi na barabara. Mkuu wa magati ya mto, ambaye sote tunamwita Bwana Kesho, alitujibu njooni kesho huku anakata kucha. Mke wangu aliposhikwa na kifua tuling'oa mlango wa jiko, tukamlaza juu yake, mimi na binti tukambeba kwenye lile tope. Alikata roho hatujaiona lami. Baada ya msiba ndipo gati likajengwa. Sikusoma sana, ila hesabu hiyo naiweza.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kutosimama. Ningepita tu, nikafunge boti kwenye mti wowote huko chini. Binti sikumwambia.

Mto ulitupeleka wenyewe, injini ikinong'ona. Tulipita matofali yaliyoanikwa, wanawake wanaofua, mtu amelala ndani ya mtumbwi. Niliyaona yote kama mtu anayetazama ukuta.

"Baba, hata bata wametupita," alisema binti.

"Wanawahi nini?"

"Labda wao wameitwa ofisini."

Alicheka peke yake. Mimi kucheka kumenitoka, sijui kulienda wapi.

Sasa, anayeshuka na mkondo hafungi boti moja kwa moja. Maji yatamsukuma kwa nyuma avunje kila kitu. Ni lazima ulipite gati, ugeuze chini yake, kisha urudi polepole, pua ikitazama maji yanakotoka. Ndiyo maana tulipolifikia nikalipita, hakuna aliyeshangaa. Ngazi za zege nyeupe, vyuma vya kushikilia, na nyuma yake lami. Bwana Kesho alikuwa amesimama na koti, pembeni yake mpiga picha.

"Mzee, ni hapa!" aliita.

"Anakwenda kugeuza," binti alimjibu.

Sikugeuza. Mto ulipanuka, mahali pazuri kabisa pa kugeuzia, nikapaacha pakapita. Binti akaja nyuma akijishikilia ukutani, akaketi karibu na injini.

"Unageuza au hugeuzi?"

Niliendelea kutazama mto.

"Baba."

"Hawa watu walimuua mama yako kwa uvivu wao. Leo niwafungie boti, wapigwe picha?"

"Najua walichofanya. Si nilishika mlango upande wa miguu?" Hakupandisha sauti. "Siku yangu ikifika, mimi utanibeba na nani?"

Niliingoja hasira ije inisaidie kujibu. Haikuja. Hata huzuni haikuja. Kulikuwa na harufu ya mafuta, na mguu wake ulioacha alama ya maji kwenye ubao. Mkono ukausukuma usukani, boti ikaanza kugeuka, nzito kama ng'ombe aliyeamshwa.

Tulirudi taratibu dhidi ya maji. Bwana Kesho alikuwa ameshateremka hadi ngazi ya mwisho, viatu vinang'aa.

"Nilidhani umetukimbia, mzee wangu. Umeona tulivyowajengea?"

"Nimeona."

"Basi toa neno moja hapa, la picha."

"Shika kamba," nikamwambia.

Nikamrushia. Akaidaka kwa kifua, imelowa na ina matope, akabaki ameikumbatia bila kujua aipeleke wapi. Mpiga picha akashusha mashine yake. Nilishuka, nikaichukua, nikaifunga mwenyewe kwenye nguzo, kisha nikafunga ya nyuma. Mikono ilijua kazi yake. Mimi sikuwemo.

Binti alipanda ngazi pekupeku, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kiunoni. Akaenda hadi kwenye lami, akasimama kidogo akiangalia huku na huku, akarudi. Alikuwa anahema kidogo tu.

"Si mbali," alisema.

"Ndiyo," nikasema. "Si mbali."

Nikarudi botini kuzima injini.