Wote Watatu Wamekubali

Kalenda yenyewe haina kosa, na asije mtu akaniambia kwamba nachukia mambo ya kisasa. Kosa ni la walioishika. Aliyetuletea ni kaka yetu mkubwa, ambaye nyumbani tulimwita Meneja miaka mingi kabla kampuni ya bima haijampa cheo hicho, maana tangu utotoni kazi yake ilikuwa kugawa kazi. Mama alipopata kiharusi, Meneja alituita kwake sote, akaketi kwenye kochi lake, akatutumia kiungo kwenye simu zetu.

"Hii ni Kalenda ya Mama," alisema. "Kila mmoja ajiunge. Dawa, kliniki, mazoezi ya mkono, zamu za kukaa naye, yote yamo humu. Kila mtu na rangi yake. Sitaki tena kupigiana simu na kulaumiana."

Yeye akajipa bluu. Kaka yetu wa pili, Mwalimu, akachukua kijani. Kitindamimba wetu wa benki akataka zambarau. Ikabaki nyekundu, nikapewa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, kwa hiyo Mama alihamia kwangu, na kwa hiyo, kwa akili ya ndugu zangu, mimi sina kazi. Mtu akishona nyumbani huonekana amekaa tu. Mwanzoni rangi zilichanganyika vizuri. Halafu zikaanza simu: dada, nishikie leo tu, dada, nina dharura, dada, wewe si uko hapo hapo? Kila ombi likigeuza siku moja kuwa nyekundu, mpaka ukiifungua kalenda ile ungedhani imetokwa na damu. Na wao, kila mmoja huko aliko, wakiifungua waliona siku zote zimejaa, hakuna pengo, wakaridhika. Mwalimu akaandika kwenye kundi la familia: "Mfumo unafanya kazi vizuri sana. Hongereni." Hongereni! Mzigo wa mwenzio kweli ni kanda la usufi.

Tena kuna jambo ambalo Meneja mwenyewe hakulijua. Siku ile ya kwanza, katika kubonyeza kwake kwa madaha, alitushirikisha na kalenda yake ya kazini. Chini ya dawa za Mama tukawa tunaona vikao vyake, daktari wake wa meno, kinyozi wake, hata "Kupumzika, nisisumbuliwe". Kitindamimba alinisihi tusimwambie, tucheke kwanza. Tukacheka kweli. Kisha nikaona "Kupumzika" imekaa kwenye Jumamosi ile ile aliyoniomba nimshikie zamu kwa ajili ya dharura, na kicheko kikanikauka.

Nilisema moyoni kwamba nina siku moja tu ninayoitaka, na hiyo nitaipata. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee niliyemlea kwa sindano na uzi, alikuwa anahitimu uuguzi. Nikaiweka mapema, tarehe ilipotangazwa tu: "Ijumaa kutwa, kukaa na Mama. Mimi sipo, ni mahafali ya mwanangu." Nikawatumia mwaliko wote watatu, maana nilihitaji mmoja, yeyote, aje.

Majibu yalikuja hata sijakunja kitambaa kilichokuwa mapajani. Meneja, amekubali. Mwalimu, amekubali. Kitindamimba, amekubali, na vimaua juu yake. Furaha iliyonipata sikuweza kuificha, nikamsimulia Mama. Tangu augue maneno humtoka taratibu, lakini akili yake ni ile ile.

"Watatu," alisema, "kwa mgonjwa mmoja?"

"Wanakupenda, Mama."

Alinitazama, halafu akageukia dirisha.

Ijumaa nilivaa gauni nililojishonea, la kwanza kujishonea tangu Mama ahamie kwangu. Mama alikuwa ameoga, amekunywa chai, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu akiutazama mlango pamoja nami. Hakuna aliyebisha hodi. Nikampigia Mwalimu, nikasikia kelele za wanafunzi nyuma yake.

"Kwani Kaka hajafika?" aliuliza. "Mimi niliona amekubali, nikakubali na mimi kuonyesha kwamba tuko pamoja."

Kitindamimba alipokea kwa kunong'ona. "Dada, niko dirishani, foleni imefika nje. Mimi nilijua Mwalimu anakuja, Ijumaa hana vipindi vingi. Nilikubali ili usije ukajisikia vibaya."

Meneja hakupokea. Alituma ujumbe: "Niko kikaoni. Si wenzangu wako hapo?"

Basi ndivyo walivyo ndugu zangu. Kila mmoja aliona wenzake wamekubali, naye akakubali ule mwaliko kama mtu anayeitikia dua, amina, halafu anaondoka zake. Hakuna aliyekataa. Angalau mmoja angekataa ningetafuta jirani mapema, ningemlipa mtu! Lakini wamekubali wote, na kukubali kwao ndiko kulikonifunga.

Mwalimu akanipigia tena, na nikadhani ameomba ruhusa.

"Dada, nilikuwa nafikiri. Si watapiga picha? Mwanao ataelewa. Yule mtoto ana moyo mzuri."

Ataelewa! Nilikata simu kabla sijamtukana mtu aliyenizidi umri. Ataelewa, naam, maana kuelewa ndiyo kazi aliyofanya miaka yote ya chuo. Aliugua malaria mimi nikiwa na Mama, akaelewa. Alivalishwa kofia ya uuguzi bila mtu wake ukumbini, akaelewa. Na mimi nikifikiri ninamfundisha uvumilivu, kumbe ninamfundisha kwamba zamu yake haifiki.

Nikaifungua kalenda. Ile bluu ya kazini ilikuwa pale pale, haijifichi: kikao cha wakuu wa idara, ukumbi wa ghorofa ya pili, mpaka mchana. Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, nikupeleke kwa mwanao?"

Aliwaza. Kisha akasema, "Nifunge kile kilemba kizuri."

Dereva wa teksi alinisaidia kukunja kiti. Kwenye mapokezi ya kampuni ya bima, mlinzi aliuliza kama tuna miadi, nikamwonyesha simu: jina la mkubwa wake, ukumbi, saa. Akatubonyezea lifti mwenyewe.

Meneja alikuwa amesimama mbele ya watu, mkono umeelekea ukutani kwenye michoro. Mkono ukabaki hewani.

"Samahanini kwa kuwakatiza," nilisema. Nikasukuma kiti hadi kwenye meza, nikaweka mfuko. "Kaka, dawa nyeupe ni saa saba, akishakula. Maji mpe kidogo kidogo, asije akapaliwa. Akikuambia choo, usingoje."

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa meno tu, "hebu tuzungumze nje."

"Huko nje sina muda, Kaka."

Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mwisho wa meza aliinuka, akavuta kiti chake pembeni kutupa nafasi, akamwamkia Mama shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha mwanawe.

"Endelea," alimwambia. "Nasikiliza."

Nikiwa kwenye teksi ujumbe ukaingia: "Umenidhalilisha mbele ya wakubwa zangu. Ungeniuliza kwanza."

Nikamjibu: "Nilikualika. Ulikubali."

Nilifika wamekwisha kuwaita. Sikumwona mwanangu akipanda jukwaani, na hilo sitawasamehe upesi, wala sitajifanya nimesamehe. Wahitimu walikuwa wanamwagika uwanjani na majoho yao, kila mmoja amezungukwa na watu wake, shangwe na kamera kila upande. Yeye alikuwa amesimama karibu na ukuta na familia ya mwenzake, ameshika cheti, akicheka na watu wasio wake.

Nikamwita. Aligeuka, akaniona: gauni jipya, mkoba, peke yangu. Nilifungua mikono. Uso wake ukabadilika, cheti kikaanguka, akanijia mbio huku machozi yameshamtoka, akanishika mabega kwa nguvu.

"Mama," alisema. "Bibi amefariki?"

"Hapana, mwanangu. Hapana. Yuko kwa mjomba wako."

Hakuniamini. Ilibidi nimwambie tena.