Mawe Saba ya Sultani

Tangu mkewe Nasiba afe kwa kuhara, mwaka juzi wakati wa mvua, Sultani alikuwa amesusa kila kitu chenye harufu ya serikali. Fundi mawe huyu wa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, alijua nani wa kulaumu. Wakubwa walichimba mfereji wa maji ya mvua kutoka sokoni, wakauelekeza juu kidogo tu ya chemchemi ambayo nyumba ishirini huteka maji ya kunywa kila mabomba ya mji yanapokauka. Alipokwenda ofisini kulisema hilo, kijana mmoja alimuuliza amesoma mpaka darasa la ngapi, na wenzake wakacheka. Hakurudi tena.

Alichofanya, alikifanya peke yake. Alipanga mawe makubwa saba mshazari ndani ya mfereji, ili maji machafu yakifika pale yageukie kwenye migomba, chemchemi isiguswe. Ukiyatazama ungedhani yameporomoka tu. Yakafanya kazi vizuri, naye hakumwambia mtu. Ilimpendeza kwamba wakubwa hawajui.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unapotoka na majembe kwa kazi ya pamoja. Sultani akajifungia ndani. Mlango ukagongwa mara mbili, hakufungua. Huko nje majembe yakawa yanagonga, watu wanataniana. "Fagieni, fagieni tu," akanong'ona, "wakubwa wenu wapite wakipendezwa."

Alasiri mvua ikashuka kutoka upande wa Bukavu, ile ya kupiga mabati mpaka humsikii mwenzako. Ilipolegea, akaenda kuangalia mawe yake.

Mfereji ulikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Hakuna hata jiwe moja. Maji mekundu yalikuwa yanashuka moja kwa moja, yamebeba maganda, matambara, na kitu kingine alichokijua kwa harufu.

Akakimbilia chemchemini. Wanawake walikuwa wamepanga bidoni zao za kutekea maji. Sultani akaziba kwa kiganja mdomo wa bomba linalotoa maji ya chemchemi.

"Musiteke! Mayi imeharibika!"

"Mzee, toa mukono," akasema Nyiramahoro, muuza dagaa wa sambaza. "Robine ya muji iko kavu siku tatu. Tutakunywa mate?"

"Ni udongo tu," mwingine akadakia. "Utatulia chini."

"Udongo gani! Ni choo cha soko hii!"

Kelele zikamleta Mukundwa, mama ambaye ndiye mkuu wa mtaa, matope ya asubuhi bado kwenye buti zake.

"Papa Zulaikha, unapigia bamama kelele ya nini?"

"Nani alitoa majiwe yangu?"

"Ile takataka? Tuliitoa sisi bote leo. Ilikuwa inaziba njia ya mayi."

"Iliziba sababu miye niliweka izibe!" Akaeleza yote, mate yanamruka. Mukundwa hakucheka.

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Ninyi munasikilizaka muntu hana diplome?"

"Leo ungesema. Tuligonga mulango yako mara mbili. Ulikuwa fasi gani?"

Sultani akaitukana ofisi, akamtukana yule kijana, akaitukana hata mvua. Mukundwa akangoja amalize. Kisha akawatuma wanaume wawili wakalete mawe. "Njoo utuonyeshe namna ulipanga," akasema.

"Kwanza mniambie, nani alisha kuteka tangu mvua ianze?"

Sultani akawageukia wanawake.

"Zulaikha," Nyiramahoro akajibu polepole. "Binti yako alikuja wa kwanza."

Alipanda kilima kama kijana, pumzi zinamkata. Alimkuta Zulaikha kwenye mkeka, mtoto wa miezi minne kifuani, kikombe kitupu kando ya goti.

"Ulikunywa?"

"Bikombe bibili. Huyu mutoto ananimaliza, Papa. Kwani iko nini?"

Sultani akataka kusema ni wakubwa. Neno hilo alikuwa amelisema mara elfu, safari hii akaliacha.

"Vaa viatu. Tunaenda kwa daktari."

"Kwa bikombe bibili? Sina hata maumivu."

"Mama yako siku ya kwanza hakukuwa na maumivu pia."

Akamchukua mjukuu, akamfunika kwa koti lake, akatangulia kwenye matope. Chini bondeni Mukundwa alikuwa anamwita kwa sauti kubwa, akiuliza jiwe la kwanza linakaa upande gani. Sultani hakugeuka.