Walisema Watakuja

Thuyên alitoka Haiphong, mji wa bandari Vietnam, akaja kusoma mwaka mmoja chuoni kwetu Yogyakarta. Tukapangiwa chumba kimoja nyumbani kwa Mama Sumarni. Mimi ni Mjava, mtoto wa hapa hapa, na katika utafiti wetu juu ya wachora batiki nilikuwa mkalimani wake.

Tuliwaomba kina mama watano waje karakana Jumanne, tuwahoji. Wote wakainamisha vichwa, wakasema ndiyo, tutaona, Mungu akipenda. Nikatafsiri: ndiyo. Jumanne hiyo nilikuwa na darasa, kwa hiyo Thuyên akawangoja peke yake na kinasa sauti, tangu saa moja asubuhi mpaka adhuhuri. Hakuja hata mmoja.

Akanikuta jikoni na wapangaji wengine, akaniuliza mbele yao kama nilijua hawatakuja. Nilijua. Jumamosi ilikuwa arobaini ya mume wa Bi Parinem, mkubwa wao, na wote walikuwa kwenye maandalizi. Lakini kumkatalia mgeni kwa niaba ya watu wazima nilishindwa. Nikatabasamu.

"Nakuuliza kitu, Wening, wewe unanicheka?"

Kwetu tabasamu lile ni la kuomba yaishe. Yeye aliona dharau. Jioni akahamia chumba cha mwisho, cha dirisha kubwa.

Sikutulia tena. Nilifungua kitabu nikakifunga, nikaenda mlangoni kwake nikarudi, wali ukanishinda. Kila sentensi niliyoitunga ilizunguka weee, haifiki. Jumamosi asubuhi nikabisha hodi, nikasema kwa mkupuo kabla sijaanza kuipamba.

"Nilijua. Ile ndiyo yao ilikuwa ya heshima tu, haikuwa ahadi. Nilipaswa kukwambia."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

Akanisogezea kiti. "Kwetu bandarini tunasemana asubuhi, mchana tunakula sahani moja. Nilingoja na wewe unirukie. Uliponyamaza ndipo nikaogopa."

Mchana tukaenda kwenye arobaini kwa Bi Parinem na kilo mbili za sukari. Nilimwonya asiulize kitu. Akakaa mkekani akimenya vitunguu saa tatu nzima, goti likimcheza, jicho kwenye mkoba wenye kinasa sauti. Hatimaye Bi Parinem mwenyewe akamuuliza, "Mama yako yu hai, mwanangu?"

Thuyên akajibu kwamba alifariki yeye akiwa na miaka kumi. Bi Parinem akasogea, akachukua kisu, wakamenya pamoja wakiongea habari za wafu wao, nami katikati nikitafsiri kila neno, bila kupunguza. Kinasa sauti hakikutoka mkobani.

Mahojiano tuliyapata wiki mbili baadaye. Ripoti ikachelewa, tukakatwa alama. Thuyên hakurudi chumbani kwangu.

Januari, tukinywa chai, akanialika kwao kwa mwaka mpya wao, ule wa kalenda ya mwezi. Mdomo ulishafunguka kusema ndiyo ile ya heshima. Nikamwambia siwezi, baba anaumwa, tunapokezana kumuuguza.

"Basi nitakuletea keki za mchele," akasema, akaendelea na chai yake.

Mimi moyo ulinidunda mpaka darasani.